Nyuzi Nne za Ngitili

Mmeniuliza barazani zaidi ya mara moja kilichonipata Igunga, nami kila mara nimejibu, "Joto tu," kisha nikarudi kwenye saa ninayoitengeneza mezani. Halikuwa jibu la kiungwana. Basi nimekaa jioni tatu nikaiandika safari kituo kwa kituo, ili anayetaka aisome na mimi nisiisimulie tena. Kuisimulia kwa mdomo kunanichosha kuliko safari yenyewe ilivyonichosha.

Kabla ya kuondoka

Vyombo vyangu mnavijua, na baadhi yenu mmevicheka. Ni vipimajoto viwili vilivyofungwa sambamba juu ya ubao wa mninga. Kimoja ki wazi. Cha pili nimekivisha utambi wa pamba, na mwisho wa utambi umezama ndani ya kichupa cha maji. Maji yanapokauka kwenye utambi hukipoza kipimajoto, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo yanavyokauka upesi. Kwa hiyo pengo kati ya vipimo viwili likiwa kubwa, hewa ni kavu. Likiwa dogo, hewa ina unyevu. Hayo nilijifunza peke yangu katika kitabu kisicho na jalada, nilichoachiwa pamoja na vipimajoto na bwana mmoja wa reli alipostaafu. Kila siku saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni ninaandika.

Daftari limenionyesha jambo moja kuhusu mji wetu. Uani kwangu, penye miembe miwili na mpera, mchana hapana joto kama la sokoni. Na ule mtaa mpya nyuma ya ghala, ambako zamani nilipima chini ya mikwaju, ulikuwa sawa na uani kwangu mpaka mikwaju ilipokatwa, nyumba za bati zikajengwa zimebanana na nyua zikasakafiwa. Mwaka uliofuata mtaa ule ukawa kama soko. Hakuna aliyeongeza jua. Kilichoondolewa ni kivuli, na majani yanayotoa mvuke wa maji. Kilichowekwa ni bati linalochoma mchana, na saruji inayolimeza jua kutwa na kulitapika jioni watu wakitaka kupumzika.

Dada yangu Mwajuma alinisikia nikisema haya tangu hajaolewa. Mumewe ni Masanja, mfugaji Msukuma wa upande wa Igunga. Wakati wa kuhamia vijijini nao walihamishwa kutoka kwenye boma lao la zamani, wakapangwa katika kijiji kipya ambacho nyumba zake zimenyooka kwa mistari. Barua yake ililetwa na dereva wa lori la pamba. Aliandika hivi: shemeji yako kifua kimembana tangu tuingie nyumba ya bati. Mchana hawezi kukaa ndani. Huenda kukaa kwenye ngitili ya marehemu baba yake, pembeni mwa kijiji, na huko hupumua. Sasa halmashauri ya kijiji inataka kuifyeka ipate shamba la pamoja la pamba. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Njoo na ubao wako uwaeleze, kaka. Mimi hawanisikilizi, na yeye akisema wanamwambia anatetea mali ya baba yake.

Kwa asiyejua, ngitili ni sehemu ambayo Wasukuma huizuilia mifugo wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha huifungua mwishoni mwa kiangazi malisho yanapoadimika. Haina ukuta wala seng'enge. Watu huiheshimu tu.

Nilifunga duka baada ya sala ya Ijumaa.

Tabora hadi Puge

Niliupakata ubao kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Lori lilikuwa la yule yule dereva aliyeleta barua, mtu mnene, mwenye huruma na asiye na haraka. Rejeta yake ilichemka mara nne kabla ya Puge. Mara ya tatu maji ya kuongeza yalikuwa yamekwisha. Dereva akanigeukia, akakitazama kichupa changu cha utambi.

"Fundi, hayo maji yako ni ya dawa?"

"Ni ya kupimia."

"Yapime ndani ya rejeta basi."

Kichupa hakijazi hata kikombe cha kahawa, lakini alikuwa amechoka kiasi cha kutumaini chochote. Tulikaa saa mbili barabarani mpaka baiskeli ikapita na dumu.

Njia hiyo ndiyo babu yangu aliipita na mzigo begani, misafara ilipokuwa ikitoka Unyanyembe kwenda ziwani. Nyumbani kwetu husemwa kwamba wapagazi hawakuhesabu mwendo kwa maili. Waliuhesabu kwa vivuli: kutoka kivuli hiki hadi kile, palipo na miti minene na kisima. Nilitazama nje nivione vivuli vya babu. Vingine vipo. Mahali pengi nimeona visiki na mistari ya nyumba mpya, na watu wamekaa upande wa nyumba wenye kivuli, wakihama nacho kadiri jua linavyozunguka.

Puge tulilala. Asubuhi nilitundika ubao kwenye nguzo ya kibanda cha chai. Sijamaliza kuandika, mama mmoja akanisogezea mtoto na kumwinua mkono, kwapa wazi.

"Dokta, tangu jana anachemka."

"Mama, mimi si dokta. Mimi fundi saa."

"Na hicho?"

"Hiki hupima hewa."

Akanitazama vizuri. "Kumbe hewa nayo ina homa?"

Watu wa kibandani wakaangua kicheko. Nikamwambia hapo Puge, kwa saa ile, hewa ilikuwa na homa kuliko mwanawe, maana nilikuwa nimemgusa paji la uso. Hakucheka. Nilimshauri ampeleke zahanati, naye akaenda akiangalia nyuma, bado hajaamini kwamba sijamnyima dawa. Nilikunywa chai isiyo na sukari, kwa kuwa haikuwapo, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Ukivitafuna polepole sukari haihitajiki.

Nzega

Hapa nilipoteza nusu siku kwa sababu ya ubao. Nilikuwa napima kwenye uwanja mtupu karibu na nyumba mpya, nikawa nahesabu hatua kutoka uwanjani hadi kwenye mti wa karibu ili niandike umbali. Akaja balozi wa nyumba kumi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na nyuma yake wanawake sita.

"Ndugu, unapima nini?"

"Joto, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Joto lipo. Hata mimi nalijua. Hatua unahesabu za nini?"

Nikamweleza. Mmoja wa wanawake akasema kwa Kinyamwezi, na balozi akanifasiria bila kupunguza: "Anasema mtu wa mwisho aliyekuja hapa na ubao akihesabu hatua, wiki iliyofuata tulibeba vyungu tukahama."

Walinipeleka kwenye ofisi, wakaniketisha kwenye benchi nimsubiri mtu mwenye mamlaka ya kuniuliza. Hakuja. Ukutani palikuwa na saa iliyosimama. Baada ya muda mrefu niliomba ruhusa, nikaishusha, nikaisafisha vumbi na kuirudisha ikigonga. Balozi aliisikiliza, akaniambia niende, kwa kuwa mpimaji wa ardhi angeiacha saa ilivyo. Nilipotoka wale wanawake walikuwa bado wako nje, wamesimama juani. Kwenye nyumba zao hapakuwa na kivuli cha kusimama.

Lusu

Gari nililopata lilipitia Lusu, nikapewa malazi kwa familia ya Wakristo wa Moravian, watu wakarimu sana. Mwenye nyumba, Mama Raheli, alikuwa amekausha michembe, yaani viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vya kuhifadhi, juu ya jabali.

"Hapa juu siku mbili imekauka," aliniambia. "Kule kwenye migomba siku nne, na inaota ukungu."

Nikapima sehemu zote mbili. Penye migomba palikuwa na ubaridi zaidi na pengo la vipimo lilikuwa dogo. Nikamwonyesha kwa furaha.

"Sasa hicho kibao kimekwambia nini ambacho mimi sikukwambia?"

"Hakuna, mama."

"Basi kula."

Ugali wa mtama, mlenda, maziwa mgando. Nililala mapema. Ningekuwa makini kama ninavyojidhania, ningelikaa na maneno ya yule mama. Alikuwa ameniambia kwamba unyevu ule ule unaompumzisha mtu unamharibia mwingine chakula. Mimi niliandika namba tu.

Igunga, kisha kijijini

Jumapili jioni nilishuka Igunga, na mkokoteni wa ng'ombe ukanifikisha kijijini. Mwajuma alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili, na kabla sijaketi akaniuliza kama vyombo vimefika salama. Amekonda. Masanja alikuwa nje, mgongo ukutani, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima.

"Mwadeela, shemeji," alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadeela. Usiinuke."

"Siwezi hata ukiniambia niinuke," alisema, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Nyumba yao ni ya tofali nzuri na bati jipya. Wanajivunia, na wana haki. Kijiji kina kisima, zahanati yajengwa, shule ina madarasa mawili. Sisemi haya kwa adabu, nimeyaona. Lakini ili mistari inyooke miti yote ilikatwa, na udongo umefagiliwa ukawa mweupe kama chokaa.

Siku tatu za kupima

Jumatatu hadi Jumatano nilipima mahali pawili, kijijini uwanjani na ndani ya ngitili, nikitembea kati yake kwa robo saa. Ubao niliutundika kivulini kote kuwili, kwa urefu mmoja kutoka chini, ili mtu asiseme nimependelea. Saa nane mchana kijijini ilikuwa nyuzi thelathini na nne, ngitilini thelathini. Nyuzi nne, siku zote tatu, kama zimekatwa kwa msumeno. Pengo la utambi kijijini lilikuwa nyuzi kumi na nne, ngitilini tisa. Ndani ya nyumba ya dada, chini ya bati, nilisoma thelathini na saba.

Masanja alikuja nami kila siku, polepole, akisimama mara tano njiani. Akifika alikaa penye mgunga wa katikati, na baada ya muda pumzi yake ilinyooka hata ukaisahau. Hakuzungumza sana. Siku ya pili aliniambia baba yake aliifunga ngitili hiyo kabla yeye hajazaliwa, na kwamba kila kiangazi ng'ombe wa jirani wote waliingia, si wake tu.

"Uwaambie namba zote, shemeji," alisema. "Wewe wa mjini, una daftari. Mimi nina kifua tu."

Daftari langu lina safu ya mwisho ya mengineyo. Humo huandika chochote kilichotokea wakati wa kupima: upepo, vumbi, ndege. Ni tabia ya kazi yangu. Saa ikija mezani huandika hata mkwaruzo usiohusika. Jumanne niliandika: *Inzi wa kijivu ameniuma shingoni. Akitua hukunja mabawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa.* Jumatano niliandika: *Inzi wale wale, wawili.*

Kikao

Walikaa ndani ya darasa, wanaume na wanawake kama arobaini. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu wa makamo, sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Alinipa nafasi kwanza kwa kuwa mimi ni mgeni. Nilisimama nikaeleza ubao, utambi, mvuke wa majani, na bati. Nikasoma. Niliona watu wakinifuata. Mama mmoja alisema, "Ndiyo maana watoto hawalali mchana." Mwingine akasema ng'ombe wangekuwa wanajua kusema wangekwisha kusema hayo. Wakacheka, na nikamwona Mwajuma dirishani akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Ndugu mgeni, kwa hiyo ngitilini saa nane mchana pana ubaridi na unyevunyevu?"

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Siku zote tatu."

"Daftari lako lina safu ngapi?"

"Sita."

"Umetusomea tano."

Nikasema ya sita ni ya mambo madogo. Akasema kikao kina muda. Nikasoma. Nilisoma kuhusu vumbi, nikasoma kuhusu ndege wawili aina ya kwembe, nikasoma kuhusu inzi wa kijivu mwenye mabawa ya mkasi.

Watu wakatazamana. Sikuelewa. Nilidhani nimetamka vibaya. Kisha nikamtazama Masanja, naye alikuwa ameinamisha kichwa akitazama mikono yake.

"Mbung'o," alisema mzee mmoja wa nyuma.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa na kukulia mjini. Mbung'o nimewasikia maisha yangu yote, na sijawahi kumwona hata mmoja mpaka aliponiuma, na aliponiuma sikumjua. Nilimchora kwa maneno kwa usahihi, nikamleta kikaoni.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alieleza, kwangu zaidi kuliko kwa wenzake, kwamba mbung'o hastahimili jua kali; mchana hujificha penye kivuli na unyevu. Kwamba ndama wawili wa kijiji wamekufa tangu kiangazi kianze na hakuna aliyejua ugonjwa umetoka wapi. Mmoja alikuwa wake.

"Ndugu mgeni, sitaki kukuonea. Namba zako ni za kweli?"

Nilimwona Mwajuma dirishani. Ningeweza kusema nilikosea, kwamba huenda ni inzi wa kawaida, kwamba macho yangu yamechoka kwa saa ndogo. Wangeniamini, maana mimi ni wa mjini.

"Ni za kweli," nikasema. "Zote."

Kura ikapigwa, mikono ya kutaka ngitili ifyekwe ikanyoshwa. Wachache hawakunyosha. Masanja alikuwa bado anaitazama mikono yake. Nilipendekeza wabakize ukanda wa miti upande wa kijiji, angalau hatua hamsini. Wakakubali hatua kumi, nami nadhani walikubali kwa heshima ya mgeni.

Kurudi

Tulitembea watatu kurudi nyumbani. Mlangoni nilimwomba Masanja radhi.

"Ulijua wapo?" nilimuuliza.

"Nilijua wapo wachache. Kila mahali penye ng'ombe wapo wachache." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye niliyekwambia usome zote."

Mwajuma hakuwa mpole hivyo. "Kaka, kitu kimoja tu usingekiandika. Kimoja!" Kisha akaenda jikoni, akanipikia chakula kizuri kuliko vyote vya safari hiyo, kuku na wali wa mpunga wa Igunga, akaniwekea mbele bila kunitazama. Nilikila chote kwa aibu.

Niliwaomba waje Tabora wakae kwangu, uani kuna miembe. Masanja alitikisa kichwa. "Umeniambia mwenyewe mitaa inakuwa bati. Nikahame tena nikalisubiri bati linifuate?"

Ufyekaji ulianza Ijumaa asubuhi. Watu walifanya kazi kwa bidii, wanaimba, na sikuona uovu kwa yeyote. Jumamosi saa nane mchana, kabla mkokoteni haujaja kunichukua, nilikwenda na ubao mahali palipokuwa na ule mgunga wa katikati. Nilishika turubai juu yake kwa mkono wangu kupata kivuli. Thelathini na nne. Pengo la utambi kumi na nne. Nyuzi nne zilikuwa zimekwenda kwa siku moja na nusu. Sikumwona inzi hata mmoja, na hilo nalo nililiandika.

Kurudi kulichukua siku nne kwa sababu ya daraja bovu na dereva aliyeugua. Sina nguvu ya kuandika kila kitu. Nilipita Lusu, nikampa Mama Raheli habari, naye akasema "pole" na kuniongezea mlenda.

Jambo la mwisho ndilo ambalo sikuweza kulisema barazani. Siku ya kuondoka, Masanja alikuwa amekaa upande wa nyumba wenye kivuli, mgongo ukutani. Aliniomba nimsomee.

"Nikusomee nini?"

"Za ngitilini. Jumatatu."

Nikafungua daftari. Saa moja asubuhi, nyuzi ishirini na moja, upepo hakuna. Saa nane mchana, nyuzi thelathini, utambi ishirini na moja, kwembe wawili juu ya mgunga. Alifumba macho. Saa kumi na mbili jioni, nyuzi ishirini na saba, harufu ya nyasi. Nikasoma Jumanne. Nilipofika kwa inzi nilisita, akasema, "Soma na huyo, naye alikuwa wa pale." Nikasoma. Kifua chake hakikutulia, sitawadanganya, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Niliikata karatasi ile, mimi ambaye sijawahi kukata karatasi ya daftari, nikampa. Mwajuma ameibandika ukutani kwa uji wa muhogo, chini ya bati, mahali pa nyuzi thelathini na saba. Huku kwangu kati ya Jumapili na Alhamisi kuna pengo. Mkilikuta mkifungua daftari, msiniulize.